Nyumba ya Kisuludini: Maisha ya Rebmann na Emma na Asili ya Kamusi za Awali

Historia ya uandishi wa kamusi katika Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kwa majina ya vitabu na miaka ya kuchapishwa kwake. Usimulizi huo una manufaa, lakini huacha nje mahali ambapo kazi yenyewe ilifanyika, yaani nyumbani. Mhadhara huu unaichunguza nyumba ya mmisionari Johannes Rebmann na mkewe Emma huko Kisuludini, Rabai. Hoja yake ya msingi ni kwamba kamusi zilizobeba jina la mtu mmoja zilitokana na maisha ya kila siku ya watu wengi, na kwamba si wote waliokuwemo kwa hiari yao.

Chanzo cha habari hii kiko katika kisiwa cha Mombasa. Johann Ludwig Krapf aliwasili Zanzibar Januari 1844, akapewa barua ya utambulisho na Sayyid Said, na mwezi Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Tarehe 8 Juni alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhyiddin. Mwezi uliofuata Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akafuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Watu waliamini kuwa homa hutokana na hewa mbaya ya mabondeni, na imani hiyo ilichangia kuwafanya wamisionari watafute makazi katika vilima vya Rabai.

Rebmann alijiunga na Krapf mwaka 1846. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza, mjini Kairo. Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na Rebmann akabaki. Kwa jumla alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Mtoto pekee wa ndoa hiyo alifariki akiwa mchanga.

Lugha zilizosikika katika nyumba hiyo zilikuwa nyingi. Mume alikuwa Mjerumani na mke Mwingereza. Majirani walisema Kirabai, mojawapo ya lugha za Mijikenda, ambazo wamisionari waliziita kwa jumla Kinika. Kiswahili cha Mvita kilitumika katika shughuli zote za kisiwani. Mwaka 1853 ikaongezeka lugha ya tano, iliyoletwa na Salimini, mtu wa maeneo ya Ziwa Nyasa aliyetekwa na kuuzwa pwani. Kwake Rebmann alijifunza lugha aliyoiita Kiniassa, ambayo leo hujulikana kama Kichewa au Kinyanja. Aliandika kamusi ya lugha hiyo bila kufika mahali inapozungumzwa.

Utaratibu wa kazi ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mwandishi aliuliza, msemaji akajibu. Neno likaandikwa, likarudiwa, likapimwa katika sentensi, kisha likasahihishwa. Hata hivyo, mazungumzo hayo hayakuwa ya watu wawili walio sawa. Mmoja alikuja Rabai kwa hiari, na mwingine alifikishwa pwani kwa nguvu. Maneno ya kwao Salimini yalihifadhiwa kwa maandishi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameporwa kutoka huko.

Utulivu wa nyumba hiyo haukudumu. Januari 1857 wasafiri Richard Burton na John Speke walimtembelea Rebmann na kumtaka aandamane nao kwenda bara, naye hakwenda. Mwaka huohuo mashambulizi ya Wamasai yalienea hadi jirani na Mombasa, na mume na mke wakakimbilia Zanzibar, ambako waliishi kwa muda kabla ya kurejea. Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann alibaki peke yake kwa miaka tisa, huku macho yake yakififia. Alipoondoka mwaka 1875 aliongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyesafiri naye hadi Ulaya. Rebmann alifariki nchini Ujerumani Oktoba 1876.

Matunda ya kazi yalionekana baada ya nyumba kubaki tupu. Kamusi ya Kiniassa ilitolewa mwaka 1877 chini ya uhariri wa Krapf. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kamusi ya Kinika ikafuata mwaka 1887. Majina ya Emma, Salimini na Ali bin Muhyiddin hayamo katika jalada lolote kati ya hayo.

Swali hili halihusu Karne ya 19 peke yake. Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, unakutanisha Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, na Warangi na Wambugwe wenye lugha za Kibantu. Kiswahili Sanifu kinachowaunganisha kilijengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 badala ya Kimvita cha Krapf na Rebmann. Mwaka uleule mkoa ulipozaliwa ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, na katika jalada lake Martha Qorro, msomi wa Kitanzania na mzawa wa lugha hiyo, ametajwa pamoja na Maarten Mous na Roland Kießling.

Kati ya kamusi ya mwaka 1877 na ile ya 2002 kuna tofauti kubwa ya mbinu, lakini tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya haki. Aliyekuwa akiulizwa maneno sasa ni mwandishi. Kwa hiyo, mtafiti anayeanza leo kukusanya msamiati wa Kigorowa au Kimbugwe hana budi kuamua mapema, kabla neno la kwanza halijaandikwa, ni majina ya nani yatakayokaa mwanzoni mwa kitabu.