Daftari Likihama

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe linapohama, nani hulihesabu?

Swali hili si geni kwetu. Enzi za Mwingereza, Iringa na Mbeya zilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Baada ya uhuru zikawa mikoa miwili. Mwaka 2012 Njombe ilimegwa kutoka Iringa, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kila mkoa ukigawanyika, orodha za walimu na wanafunzi hazina budi kunakiliwa.

Nilipoanza ualimu miaka ya 1970, karani alinakili kwa kalamu, au kwa taipureta na karatasi ya kaboni. Jina la mwenzangu mmoja lilirukwa hivyo katika ofisi moja. Alipostaafu, ilimbidi atafute mashahidi wa kuthibitisha kwamba aliwahi kushika chaki. Wakati huo daftari la kwanza lilikwisha kutupwa.

Siku hizi orodha hukaa katika hifadhidata, ndani ya kompyuta iitwayo seva. Kijana niliyemfundisha alinionyesha jinsi ya kuinakili kutoka seva ya Mbeya kwenda ya Iringa kwa kuandika amri tu. Programu ya mysqldump huigeuza hifadhidata kuwa maandishi: kwanza maagizo ya kuunda majedwali, kisha ya kuyajaza. Alama ya mstari wima huyapokeza maandishi hayo kwa ssh, inayoyasafirisha kwa siri. Kule yaendako, programu ya mysql huyatekeleza.

Naam, ni kazi ya dakika chache. Lakini, ndugu msomaji, kwa kawaida maagizo hayo hufuta kwanza jedwali lenye jina lile lile kule yaendako. Ukikosea seva, umefuta kumbukumbu za watu. Tena, jina litakaloandikwa Mbeya baada ya kunakili halitaonekana Iringa.

Kwa hiyo yule kijana alisimamisha uandikaji, akanakili, kisha akahesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili na kulinganisha baadhi ya majina. Hesabu zilipolingana, bado hakuifuta hifadhidata ya zamani. Nilifurahi. Kama karani wetu angefanya hivyo, mwenzangu asingetafuta mashahidi uzeeni.