Wimbo Kutoka Chumba cha Mgonjwa

Huenda wanisikiliza ukiwa kitandani, nao wenzako wamekwenda kwenye harambee ya kanisa. Wajiona mzigo.

Charlotte Elliott alizaliwa Uingereza mwaka 1789. Alipokuwa na miaka 32 hivi maradhi yalimshika, wala hayakumwacha tena. Yasimuliwa kwamba mwaka 1834, mjini Brighton, ndugu yake aliyekuwa kasisi alitafuta fedha za kujenga shule ya binti za makasisi. Nyumba nzima ilikuwa mbioni. Charlotte, mwenye miaka 45, alibaki peke yake akijiuliza ana faida gani. Ndipo akashika kalamu, akaandika jinsi mtu anavyomjia Kristo vivyo hivyo alivyo.

Wimbo huo ulichapwa mwaka 1836 katika kitabu cha nyimbo za wagonjwa. Nasi twauimba kwa Kiswahili. Charlotte hakupona, alifariki mwaka 1871, ameandika nyimbo zipatazo 150. Ndugu yake alikiri kwamba wimbo ule mmoja ulifanya kazi kubwa kuliko utumishi wake wa miaka mingi.

Ewe mgonjwa, usingoje kupona ndipo umtumikie Bwana. Paulo naye aliachiwa mwiba wake, akapewa neema (2 Kor. 12:9). Anza leo, hapo hapo ulipolala.