Ufunguo wa Kigeni Haukuzaliwa Kielekezi

Kabla ya 1970, aliyetaka kujua oda fulani ni ya mteja gani ilimbidi aifuate njia. Katika IDS, mfumo wa kanzidata aliouunda Charles Bachman akiwa General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960, rekodi ziliungwa kwa vielekezi, moja ikikupeleka kwa nyingine kama shanga katika uzi. Alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973, Bachman alimfananisha mwandishi wa programu na rubani anayejitafutia njia ndani ya data. Lakini E. F. Codd wa IBM alikuwa ameshaukata uzi huo. Katika makala yake ya 1970, uhusiano ni thamani tu: namba ya mteja huandikwa kwenye mstari wa oda, nayo lazima iwepo kwenye jedwali la wateja. Huo ndio ufunguo wa kigeni. Haukuongozi upite wapi, na kwa sababu hiyo unaweza kuuliza kutoka upande wowote, kwa mteja au kwa oda.

Zana za kuoanisha vitu vya programu na majedwali, kama Hibernate ya 2001 na ile iliyomo ndani ya Rails ya 2004, zilirudisha urubani ule kimyakimya. Programu inayoorodhesha oda 100, kisha ikamwita mteja wa kila oda, hutuma maswali 101 kwenye kanzidata pale ambapo moja lingetosha. Rails ilikwenda mbali zaidi: hadi toleo la 4.2, mwaka 2014, haikuwa na amri yake yenyewe ya kuweka ufunguo wa kigeni. Walioitetea walisema programu inaweza kujikagua. Haiwezi, si kwa uhakika: kati ya kukagua kwamba mteja yupo na kuandika oda yake, programu nyingine inaweza kumfuta mteja huyo, na ni kanzidata pekee inayoziona programu zote mbili. Pingamizi lenye uzito ni la wale waliogawa majedwali yao katika seva nyingi, ambako ukaguzi huo ni mgumu kweli; ila mifumo mingi haijafika huko. Django nayo, yenye zana ya aina hiyo hiyo, katika toleo la 2.0 la mwaka 2017, ilianza kumlazimisha mwandishi aseme oda zifanywe nini mteja akifutwa: zifutwe naye, zimzuie asifutwe, au zibaki bila mwenyewe. Kiwango cha SQL kilikuwa kimeshaliwekea swali hilo majibu tangu 1992.