Raia Anapomkamata Mtuhumiwa: Mipaka ya Sheria na Hatari Zilizopo

Kelele za "mwizi!" zinapopigwa sokoni au mtaani, watu hutoka mbio bila kuulizana, na ndani ya dakika chache mtu mmoja huwa amezungukwa. Katika hatua hiyo ya awali, aliyemshika huenda yuko ndani ya sheria kabisa. Muda mfupi baadaye anaweza kuwa yeye ndiye mtuhumiwa, tena wa kosa kubwa kuliko la yule aliyemshika. Sheria za Tanzania zinampa raia mamlaka ya kukamata, lakini ni mamlaka finyu na ya muda mfupi, na wengi wanaoyatumia hawajui yanaishia wapi.

Msingi wake ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake. Chini ya Sura ya 20, mtu asiye askari anaruhusiwa kumkamata bila hati mtu anayetenda mbele yake kosa miongoni mwa yale yaliyotajwa na sheria hiyo, likiwemo la kuvunja amani. Aidha, mwenye mali, mtumishi wake au mtu aliyemwidhinisha anaweza kumkamata anayekutwa akitenda kosa la kuidhuru mali hiyo.

Maneno yenye uzito hapo ni "mbele yake". Aliyeambiwa na jirani, aliyeona picha katika kundi la WhatsApp au anayemdhania mtu kwa sababu ni mgeni kijijini hakushuhudia kosa lolote. Njia yake halali ni kutoa taarifa polisi.

Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wananchi. Walikuwa kazini wakifanya utafiti wa udongo. Uvumi ulikuwa umewafanya waonekane kuwa ni wanyonya damu. Hakuna aliyewaona wakitenda kosa, kwa kuwa hapakuwa na kosa.

Jambo jingine linalochanganya watu ni deni. Mdai anayemshika mdaiwa wake, akamfungia chumbani au kumnyang'anya simu hadi ndugu walete fedha, huamini kwamba anatafuta haki yake. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai na si jinai, hivyo hapo hakuna mamlaka ya kukamata hata kidogo. Kinyume chake, mdai huyo anaweza kushtakiwa kwa kumfungia mtu isivyo halali na kwa kuchukua mali isiyo yake, na mdaiwa akabaki na haki ya kumdai fidia mahakamani. Hali ni hiyo hiyo kwa mlinzi wa duka anayemweka mteja stoo kutwa nzima ili "meneja aje aamue".

Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtoto mwenye umri chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya kosa la jinai. Anayemfunga kamba mtoto wa miaka minane aliyekutwa juu ya mwembe wake anakuwa ametenda kosa dhidi ya mtu ambaye sheria haimhesabu kuwa mkosaji.

Ukamataji ukiwa halali, swali linalofuata ni nguvu kiasi gani itumike. Sheria inaruhusu nguvu inayolazimu ili kumshika anayepinga au anayejaribu kutoroka, na inakataza nguvu iliyozidi pamoja na udhalilishaji usio wa lazima. Mtu akishatii au akishadhibitiwa, hitaji la nguvu linakuwa limekwisha. Kofi linalopigwa baada ya hapo ni shambulio. Kumvua nguo, kumnyoa kwa chupa au kumtembeza mtaani akiwa amebeba kuku aliyeiba ni mambo ambayo hayana nafasi katika ukamataji wowote, hata kama mtaa mzima unayashangilia. Ungamo linalopatikana kwa kipigo nalo hukataliwa mahakamani inapobainika kuwa halikutolewa kwa hiari, hivyo wapigaji huweza kuidhoofisha kesi waliyotaka kuijenga.

Viwango vya adhabu vinafaa kufahamika. Shambulio la kudhuru mwili lina adhabu ya hadi miaka mitano gerezani, na kusababisha madhara makubwa mwilini huweza kufikia kifungo cha maisha. Kifo kikitokea, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake huweza kufika kifungo cha maisha, au mauaji ya kukusudia, ambayo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Wengi hudhani kwamba kulinda mali ni kinga. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kwa nguvu ya kiasi tu, na inatamka wazi kuwa anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyozidi katika ulinzi huo ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Wingi wa watu nao si kinga. Pale watu wanapokuwa na nia ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali, kila mshiriki huweza kuwajibika kwa matokeo yake. Aliyeleta tairi, aliyenunua petroli na aliyehamasisha wengine wapige wanaweza kusimama kizimbani pamoja na aliyewasha kiberiti.

Nje ya sheria, zipo hatari za mwili. Mtuhumiwa huweza kuwa na kisu au bastola, au wenzake wakawa wamesimama hatua chache tu. Mtu anayebanwa pasipo pa kukimbilia hupigana kwa namna ambayo hangepigana kama angeachiwa njia. Anayemfukuza mtu usiku huweza yeye mwenyewe kudhaniwa ndiye mwizi na watu wanaotoka majumbani kwa kelele. Kwa hali kama hizo, kukumbuka sura, mavazi, namba za pikipiki na mwelekeo aliokimbilia mtuhumiwa, kisha kupiga simu ya dharura 112, huleta manufaa makubwa kuliko kumkimbiza.

Aliyekwisha kumkamata mtu anatakiwa kumweleza kosa analokamatiwa, isipokuwa mazingira yanajieleza yenyewe, na kumkabidhi kwa askari polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Askari asipokuwepo, mtuhumiwa apelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Vijijini, ambako kituo huweza kuwa mbali, ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata husaidia kuwasiliana na polisi, lakini kamwe haigeuki kuwa mahali pa kuendeshea kesi. Silaha aliyokutwa nayo mtuhumiwa ichukuliwe na kukabidhiwa polisi. Upekuzi wa kina uachwe kwa askari, na mwanamke apekuliwe na mwanamke. Kusambaza picha ya aliyekamatwa kwa maandishi ya "mwizi huyu hapa" huweza kumfikisha msambazaji mahakamani kwa kashfa, na tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 suala hilo lina uzito zaidi.

Vikundi vya sungusungu, vilivyoanza katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilitambuliwa kisheria mwaka 1989 kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Utambuzi huo uliwapa uwezo wa kukamata, na wala haukuwapa uwezo wa kuhukumu au kutoza faini kwa mtuhumiwa.

Kituoni, aliyemkamata mtuhumiwa huandika maelezo yake na baadaye huweza kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Hatua hii mara nyingi hukwepwa kwa hofu ya kulipiziwa kisasi au kwa kuona usumbufu, na shauri likikosa mashahidi, mshtakiwa huachiwa huru. Mwenye hofu ana haki ya kuieleza mapema kwa mpelelezi au mwendesha mashtaka, kwa kuwa ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi umewekewa sheria yake mahsusi tangu mwaka 2015.