Kombeo na Kibwebwe: Maisha ya Bibi Titi Mohamed

Leo nataka tuzungumze habari za wanawake wawili. Mmoja alikuwa Mfaransa, mwandishi wa magazeti. Wa pili alikuwa mwenzetu wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma. Hawakupata kuonana kamwe, lakini kila mmoja alitafuta njia ya kuwafanya wanawake wasikiwe penye mashauri ya nchi. Nitaanza na yule wa mbali kwa ufupi, kisha nitakaa na huyu wa kwetu.

Mfaransa huyo aliitwa Marguerite Durand. Alizaliwa Paris mwaka 1864, akawa kwanza mchezaji wa michezo ya kuigiza, halafu mwandishi wa habari. Mwaka 1897 alianzisha gazeti la kila siku ambalo kazi yake yote ilifanywa na wanawake: walioandika habari walikuwa wanawake, na hata waliopanga herufi za chapa walikuwa wanawake. Gazeti hilo aliliita La Fronde, maana yake Kombeo. Mwaka 1910 alijaribu kugombea kiti cha Bunge, akakataliwa, kwa kuwa sheria haikumruhusu mwanamke kupiga kura wala kuchaguliwa. Akafa mwaka 1936 bila kupata haki hiyo. Wanawake wa Ufaransa walipewa kura mwaka 1944, nao waliipiga mara ya kwanza mwaka 1945.

Kombeo si kitu kigeni kwetu. Mtoto anayeamia ndege shambani hushika kombeo lake, akatia jiwe dogo, akalizungusha na kulirusha. Jiwe ni dogo, bali ndege wote huruka. Ndivyo bibi yule alivyolifikiri gazeti lake.

Basi tujiulize: je, katika nchi ambayo wanawake wengi hawakujua kusoma, kombeo lingekuwa nini? Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, na watu walilipenda sana. Lakini shule za wasichana zilikuwa chache, na mama aliyeshinda na jembe hakuwa na mtu wa kumfundisha herufi. Maneno yaliyoandikwa yalimpita kama wingu lipitalo juu ya mlima pasipo kunyesha.

Wala mashauri ya nchi hayakuwa mbali na jembe lake. Wazee wa Mlalo wanakumbuka mpango wa kuhifadhi ardhi ulioanza huko mwaka 1946, kisha ukaenea katika Usambara. Watu waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo. Nia ilikuwa kuilinda ardhi, lakini kazi ilikuwa nzito mno, na watu wengi waliichukia, hata mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Sasa, ni nani katika milima hii aliyekuwa akilima mahindi na maharagwe? Zaidi walikuwa wanawake. Amri iliangukia migongo yao, lakini walipokaa watu kuitunga, sauti ya mwanamke haikuwapo.

Hapa ndipo anapoingia Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma shule miaka michache tu, akaolewa, akawa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mjini wakati ule vikundi vya ngoma vilikuwa vingi. Wanawake walikutana, wakachanga fedha, wakasaidiana katika harusi na misiba, wakachagua viongozi wao wenyewe. Mtu asiyejua angeona ni mchezo tu. Kumbe ilikuwa serikali ndogo ya akina mama, yenye hazina, amri na heshima yake.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Bibi Titi akajiunga mapema pamoja na mumewe, Boi Selemani. Kadi ya mume ilikuwa namba 15, na ya mke namba 16. Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, Bwana John Hatch wa chama cha Labour. Akauliza: wanawake wa chama hiki wako wapi? Swali hilo liliwafadhaisha wenyeji, maana wanawake hawakuwa na sehemu yao. Mwaka huo huo ikaanzishwa, na Bibi Titi akawekwa kuwa mkuu wake.

Hakwenda na karatasi. Alijua kwamba karatasi ingewafikia wachache. Yeye na wenzake, kama Bibi Tatu binti Mzee, waliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, wakaomba wawaite watu wao. Aliyemwelewa mkuu wa ngoma alikuwa amewapata wote. Katika muda wa miezi mitatu hivi, chama kilitoa habari kwamba wanawake wapatao 5,000 wamekwisha kujiandikisha. Baadaye Bibi Titi alisafiri katika majimbo akihutubia. Kiswahili chake kilikuwa cha mwimbaji: kilipanda, kikashuka, kikawachoma watu moyoni. Marguerite Durand alikuwa na Kombeo. Bibi Titi alijifunga kibwebwe.

Lakini haki haiji kwa siku moja. Mwaka 1958 ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kadiri fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Tena kila mmoja alipaswa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mfikirieni mama wa Mlalo au wa Bumbuli. Alilisha nyumba nzima kwa mikono yake, lakini hakuwa na mshahara, wala hati ya shule, wala cheo. Sheria haikusema kwamba mwanamke asipige kura. Iliweka tu mlango mwembamba ambao wanawake wachache sana waliweza kupita.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961. Bibi Titi akawa Mbunge na Waziri Mdogo, na ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1965 ukafanyika uchaguzi wa wabunge ambao watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, waliweza kupiga kura. Tazameni mambo ya dunia: katika uchaguzi huo, ambao mlango alioupigania ulikuwa wazi kwa kila mtu, yeye mwenyewe alishindwa katika jimbo la Rufiji. Haki ya kura ni haki ya kumkataa hata yule aliyeidai, na hiyo ndiyo maana yake kweli.

Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Waliolitunga walisema kiongozi asiishi kwa jasho la mwenzake. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na aliona kwamba ni jasho lake mwenyewe. Hakukubali kuziacha, akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine, wakashitakiwa kwa uhaini. Yeye alikana. Mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akasamehewa na kufunguliwa, akarudi nyumbani. Waliokuwa wakimshangilia viwanjani walikuwa wamekwisha kutawanyika, na jina lake halikutajwa sana kwa miaka mingi.

Mwaka 1991 nchi iliposherehekea miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja tena kuwa shujaa wa Uhuru. Akafariki tarehe 5 Novemba, 2000, huko Johannesburg alikokuwa akitibiwa, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Wasikilizaji, mtaniuliza: tumejuaje maneno yake, ikiwa hakuandika gazeti? Tumeyajua kwa sababu mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, aliketi naye akamsikiliza, akawasikiliza pia wanawake wengine wa TANU, kisha akatoa kitabu mwaka 1997. Naye Marguerite Durand, kabla ya kufa, aliwapa watu wa mji wa Paris vitabu na karatasi zake nyingi zilizohusu wanawake, ziwe maktaba ya wote. Aliona mbali. Alijua kwamba mtu aweza kushinda vita, kisha akasahauliwa kana kwamba hakupigana.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu, hasa ninyi wanafunzi. Wako katika vijiji vyenu bibi waliopiga matuta wakiwa wasichana, au walioona mama zao wakiyapiga. Wako waliosikia hotuba za kudai Uhuru, na wako wanaokumbuka mama zao walipopiga kura mara ya kwanza. Wengi wao hawamo katika kitabu chochote. Jioni, mkisha kuota moto jikoni, mwamkieni bibi kwa adabu, mmwulize: Shikamoo bibi, siku zile ilikuwaje? Msimkatize. Andikeni katika daftari jina lake, kijiji chake, na maneno yake kama alivyoyasema.

Sauti ya Bibi Titi ilikaribia kupotea, naye alisikiwa na maelfu. Itakuwaje sauti ya bibi aliyesikiwa na watoto wake tu? Kalamu mnayo, jambo ambalo yeye hakuwa nalo. Jifungeni kibwebwe mfanye kazi hiyo. Kwaherini.