Malisho ya Kondoo, Igawa

Igawa ni kata ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, pembezoni mwa Bonde la Usangu. Huko chakula cha kondoo hufuata mvua na mpunga. Kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi changa huwa laini, zina protini ya kutosha na humeng'enywa upesi; zikishatoa mbegu hukomaa na kupungua faida.

Kiangazi, mashamba yaliyovunwa hubaki na mabua ya mpunga. Ndiyo malisho mengi zaidi, na ndiyo duni zaidi: protini yake aghalabu ni asilimia 4 hivi, ilhali vijidudu vya tumbo la kwanza la kondoo huhitaji takriban asilimia 7 ili vifanye kazi vizuri. Madini ya silika yaliyomo nayo hukwamisha umeng'enyaji. Kondoo hucheua muda mrefu, akashinda na tumbo lililojaa huku mbavu zikihesabika. Kumrundikia mabua mengine hakumsaidii. Pumba laini, matunda ya migunga au majani ya mikunde, hata kidogo, huviamsha vijidudu hivyo, na mabua yaleyale yakaliwa kwa wingi.

Miongoni mwa mikunde, lukina inafaa sana, ila isizidi theluthi moja ya mlo, kwa kuwa sumu ya mimosini iliyomo huweza kunyonyoa manyoya. Lusina mbichi, mkunde mwingine, ikiliwa na mnyama mwenye njaa, humvimbisha tumbo kwa gesi. Afadhali inyaushwe kwanza.