Sumu, Kiapo na Dawa: Historia ya Huduma ya Kwanza Chini ya Uluguru

Kilakala ni kata ya mji wa Morogoro iliyokaa miguuni mwa milima ya Uluguru. Wengi huijua kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, ile iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Lakini kabla ya shule palikuwa na mlima, na mlima una wenyeji wake. Nyumba hupanda mteremko mpaka zikapakana na mashamba, mashamba nayo yakapanda mpaka kwenye mawe na vichaka. Mahali kama hapo binadamu na nyoka ni majirani, na ujirani huo umewalazimu watu, tangu enzi za mababu, wajiulize swali moja: sumu ikishaingia mwilini, mkono wa aliye karibu ufanye nini?

Majibu yamekuwa mengi, na kila zama ilikuwa na lake. Ukiyapanga kwa utaratibu wa miaka utaona jambo la ajabu kidogo. Historia ya huduma ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kujifunza kuacha: kuacha kutapisha, kuacha kukata, kuacha kufunga, kuacha kunyonya.

Tuanze na lugha, maana ndiyo hazina iliyo karibu nasi. Leo tukisema mtu amekula kiapo, twamaanisha ameapa. Makamusi ya zamani ya Kiswahili, hata hivyo, hulipa neno kiapo maana nyingine pamoja na hiyo: hukumu ya majaribio, ambayo mtuhumiwa hutiwa katika hatari ili ukweli udhihirike. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, kiapo kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa cha mwavi. Gamba la mti huo lilipondwa, likatiwa majini, na mtuhumiwa akanyweshwa. Aliyetapika alihesabiwa kuwa safi. Aliyeshindwa kutapika alikufa, na kifo chake kikawa ushahidi dhidi yake. Hapo kutapika kulikuwa ni kutakasika. Mwili uliotema sumu ulikuwa umetema na hatia.

Kwa upande wa mwili, mantiki ilikuwapo: sumu ya mwavi hushambulia moyo, na aliyeitapika mapema alikuwa na nafasi ya kupona. Kosa ni kuifanya kanuni hiyo iwe ya sumu zote. Wala si kosa la Waafrika peke yao. Katika nchi za Magharibi wazazi walishauriwa kwa miaka mingi kuweka nyumbani dawa ya kutapisha, iitwayo ipekaki, na ilikuwa mwaka 2003 tu ambapo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri waiache. Mafuta ya taa yakimezwa kisha yakatapishwa, huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Tindikali iliyounguza koo wakati wa kushuka huliunguza tena wakati wa kupanda.

Jirani wa neno kiapo ni neno uchungu. Wazee wa Kiswahili walilitumia pia kwa sumu ya miti inayopakwa kwenye mishale. Visiwani kwetu jina la John Kirk hukumbukwa kwa ubalozi wake wa Kiingereza Unguja, lakini kabla ya hapo alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1863. Huko alikusanya sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake uliguswa na sumu hiyo bila ya yeye kujua. Alipousugua menoni alihisi uchungu, akaona na mapigo ya moyo yanapungua. Vielelezo vya sumu hiyo vilichunguzwa Edinburgh na Thomas Fraser, na kutoka humo ikapatikana dawa ya moyo. Sumu ya wawindaji ikawa tiba hospitalini. Kilichotenganisha viwili hivyo kilikuwa kipimo.

Turudi sasa Uluguru. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipita Morogoro askari Mwingereza mmoja, Arthur Loveridge, aliyekuwa akikusanya nyoka na mijusi huku vita vikiendelea. Mwaka 1922 alitangaza kitaalamu nyoka wa msituni kutoka milima ya Uluguru na kumpa jina la Joan Procter, mwanamke bingwa wa elimu ya nyoka mjini London. Na mwaka 1926 alirudi milimani kwa niaba ya makumbusho ya Harvard. Kazi ya watu kama hao, pamoja na wenyeji waliowaonyesha njia na kuwakamatia wanyama, ilithibitisha jambo ambalo mkulima wa mlimani alilijua kwa uzoefu: nyoka wengi hawana madhara kwa binadamu. Wachache ndio wauaji, na hawaui kwa namna moja. Sumu ya koboko hulegeza misuli mpaka pumzi ikakatika. Ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ya boomslang, nyoka wa mitini, huiharibu damu isigande.

Kutokana na tofauti hizo ndipo jiwe la nyoka lilipopata sifa yake. Jiwe hilo jeusi, ambalo kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, lilienea sana katika misheni na zahanati za Afrika ya Mashariki na Kongo. Huwekwa juu ya jeraha lililochanjwa, likagandamana kwa kuwa lina vitundu vinavyofyonza umajimaji, na watu wakasema linavuta sumu. Majaribio ya maabara hayakuonyesha kwamba linaokoa. Lakini aliyeumwa na nyoka asiye na sumu hupona, na hata nyoka mwenye sumu mara nyingine huuma bila ya kuimwaga. Wote hao walipona, na sifa zikaenda kwa jiwe. Waliokufa hawakurudi kulikanusha.

Dawa ya kweli ilianza kupatikana katika miaka ya 1890. Mfaransa Albert Calmette, aliyeshuhudia watu wakiumwa na swila huko Saigon, alitengeneza seramu kutokana na damu ya wanyama waliozoezwa sumu kidogo kidogo. Baadaye Vital Brazil, huko São Paulo, alionyesha kwamba seramu ya nyoka wa nchi moja haifai kwa nyoka wa nchi nyingine. Afrika imeulipia ukweli huo kwa gharama kubwa. Kampuni ya Sanofi iliacha mwaka 2014 kutengeneza seramu yake ya nyoka wa Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na kwa makadirio yake watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu hiyo.

Ikiwa seramu ni adimu na hospitali iko mbali, aliye karibu afanye nini? Jibu la leo ni la unyenyekevu. Mtoe mgonjwa alipo nyoka, mtulize, mlaze. Mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ili usitikisike, kisha umbebe, asitembee. Usimchanje, usinyonye jeraha, usikaze kamba mpaka damu isipite, kwani kamba hiyo imewapoteza watu miguu ambayo sumu ingeiacha. Usimfukuze nyoka, yatosha kukumbuka umbo na rangi yake. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi. Wala usidanganywe na nafuu ya mapema. Mtaalamu Karl Schmidt aliumwa na boomslang mchanga mjini Chicago, Septemba 1957. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine, asubuhi akajiona mzima, na alasiri akafariki.

Sumu nyingine haitambai. Wakulima wa mboga wa Mgeta, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, kama wakulima wengine nchini, huziita sumu za wadudu kwa jina lile lile la tiba: dawa. Neno hilo likiandamana na chupa ya soda iliyowekwa uvunguni, mtoto hana namna ya kujua. Akishakunywa, asitapishwe, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aone ni kitu gani.

Nasi wa visiwani tuna msiba wetu. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine wakalazwa. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa, wala haina dawa mahususi ya kuipinga. Mbele ya sumu kama hiyo huduma ya kwanza hutangulia chungu: ni kukataa nyama ile kabla haijafika jikoni.

Mwavi ulikuwa ukimtafuta mwenye hatia. Wapo hadi leo wanaoanza na swali hilo mtu akishaumwa: nani kamtuma nyoka huyu? Nyoka wa Kilakala hakutumwa na mtu, na saa inayopotea kwa kumtafuta mchawi ni saa ya mgonjwa.